Jua na volkano vina kesi yao, lakini si hii

Joto la Novemba likiwabana watu wa Mtwara, mvua hazijaanza na upepo wa bahari umelala, mjadala barazani huwa na pande mbili. Upande mmoja unalaumu viwanda vya nchi kubwa. Upande wa pili, ambao aghalabu ni wa mtu aliyesoma kidogo kuwazidi wenzake, husikiliza kwa utulivu kisha hutoa turufu yake: dunia imekuwa ikipoa na kupata joto tangu kuumbwa, enzi hizo hakukuwa na gari wala kiwanda, kwa hiyo kinachotuchoma ni jua na volkano, na binadamu anajipa ukubwa asio nao. Wenzake hunyamaza. Vikombe vya kahawa huzungushwa tena.

Makala haya namwandikia huyo mwenye turufu. Nusu ya kwanza ya maneno yake sina ugomvi nayo. Jua limewahi kuigeuza hali ya hewa ya dunia, na volkano zimewahi kuleta njaa katika nchi ambazo watu wake hawakujua hata kama kuna mlima uliolipuka. Kilichopungua katika hoja yake ni maswali mawili: kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Ukiyauliza hayo, mambo hujipanga yenyewe. Na baadhi ya majibu hayahitaji kusafiri kwenda Ulaya kuyatafuta. Yamo kwenye udongo wa mfinyanzi wa Lindi na Kilwa.

Nianze na volkano, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mtu akisikia mlima umelipuka hufikiria moto, na moto anauhusisha na joto. Lakini uji wa moto wa volkano huunguza mashamba na nyumba zilizo karibu, basi. Majivu nayo huanguka ndani ya siku au wiki chache. Kinachofika mbali na kubadilisha hali ya hewa ya dunia nzima ni salfa.

Na salfa, sisi watu wa korosho hatuhitaji kutambulishwa. Kipupwe kikiingia, usiku ukawa wa baridi na asubuhi ikawa na ukungu, ubwiriunga hushambulia maua ya mikorosho na kuyavika ule unga mweupe unaokausha matumaini ya mwaka. Hapo ndipo mashine za kupulizia huanza kunguruma Tandahimba na Newala kabla hata kuku hawajashuka. Nilimuuliza mjomba wangu mmoja, ambaye hufanya kazi hiyo kwa tochi, "Mjomba, kwa nini usingoje kupambazuke ukaona unapopulizia?" Akajibu bila kugeuka, "Upepo ukiamka, mjomba, salfa yangu anavuna jirani." Ule unga wa njano hupanda juu ya mkorosho, hutanda kwa muda mfupi, kisha hushuka na kunata kwenye majani yenye umande. Macho huwasha, koo hukwaruza. Ifikapo saa tatu hewa imeshatulia kama vile hapakuwa na kitu.

Volkano kubwa nayo hupuliza salfa, ila kwa umbo la gesi, salfa dioksidi, na kwa urefu ambao hakuna mashine ya shambani inayoweza kuufikia. Hapa kwetu katika ukanda wa joto, mawingu ya mvua huishia kiasi cha kilomita 16 au 17 kwenda juu. Gesi ikibaki chini ya hapo, mvua huisafisha ndani ya siku chache. Ikipenya juu ya hapo, hadi kwenye tabaka la stratosfia, hakuna mvua ya kuiosha. Ndani ya wiki kadhaa hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa, upepo wa juu huyasambaza kuizunguka dunia, na kila tone hurudisha angani sehemu ya mwanga wa jua uliokuwa unakuja kwetu. Dunia hupoa. Kisha matone hayo huzama polepole, na baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kazi yake imekwisha.

Tunajua hivyo kwa sababu jambo hili limepimwa likitokea. Juni 15, 1991 Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha juu kati ya tani milioni 15 na 20 za salfa dioksidi. James Hansen wa NASA na wenzake walipiga hesabu mapema na kutangaza mwanzoni mwa 1992 kwamba wastani wa joto la dunia ungeshuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi, kisha ungerudi. Ulishuka kwa kiasi hicho, ukarudi. Nawasikia wanaosema kwamba hesabu za wanasayansi wa tabianchi ni ramli ya kompyuta. Ramli iliyotaja kiasi na muda kabla ya tukio, ikapatia vyote viwili, inastahili heshima kidogo.

Kabla ya Pinatubo kulikuwa na wakubwa zaidi. Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia, ulilipuka Aprili 1815 na kuua makumi ya maelfu ya watu kisiwani hapo na visiwa vya jirani. Mwaka uliofuata, 1816, theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini mashariki mwa Marekani, mavuno yakaharibika Ulaya magharibi, na mpunga ukafa kwa baridi katika jimbo la Yunnan nchini China. Watu walikufa njaa wakiwa maelfu ya kilomita kutoka Sumbawa, na hakuna aliyewaambia chanzo.

Miaka thelathini na kidogo kabla ya hapo, mwaka 1783, ardhi ya Iceland ilipasuka pale Laki na kutoa gesi kwa miezi minane. Iceland yenyewe ilipoteza karibu robo ya watu wake. Lakini kisa kinachonigusa mimi ni cha Misri. Baridi ya kaskazini ilidhoofisha mvua za Afrika, mto Nile ukapungua, na njaa ikaingia Misri mwaka 1784. Mlima wa kaskazini kabisa mwa dunia ukakausha mto wa Afrika. Nitakuja kulirudia hili, kwa sababu kuna watu leo wanataka kulifanya kwa makusudi.

Kuna mlipuko mwingine ambao kisa chake kinafanana na upelelezi. Waliochimba barafu ya Greenland na ya Antaktika walikuta katika tabaka za karne ya 13 alama kubwa ya salfa, kubwa kuliko ya Tambora. Kwa kuwa ilionekana kwenye ncha zote mbili za dunia, ilieleweka kuwa mlima wenyewe ulikuwa karibu na ikweta. Lakini mlima gani? Kwa miongo kadhaa mtuhumiwa hakupatikana. Mwaka 2013 watafiti wakaelekeza kidole Samalas, katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, uliolipuka 1257. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye maandiko ya kale ya Kijava yaliyoandikwa juu ya majani ya mtende, yanayosimulia mji uliofunikwa. Wakati huo Kilwa Kisiwani ilikuwa inapanda kuelekea enzi yake ya dhahabu. Sidai kwamba watu wa Kilwa walihisi chochote. Nataja tu kwamba anga lilikuwa moja, juu yao na juu ya Lombok.

Hata pwani yetu imewahi kupokea barua kutoka kwenye volkano. Krakatau ilipolipuka Agosti 1883, mshindo wake ulisikika kisiwa cha Rodrigues, kama kilomita 4,800 upande huu wa Bahari ya Hindi, na mwaka uliofuata yale mawe mepesi yenye matundu, ya aina ya jiwe la kusugulia visigino, yalikuwa yameelea hadi Afrika Mashariki. Dunia ilipoa kidogo, machweo yakawa mekundu kwa miezi mingi, kisha hali ikarejea.

Sasa, mwenye turufu atasema: umeniongezea ushahidi. Ndiyo, lakini tazama upande ambao ushahidi huo unaelekea. Kila mlipuko niliotaja uliipoza dunia, na ulifanya hivyo kwa miaka michache. Volkano za enzi za historia haziwezi kubebeshwa joto la leo, kwa sababu zilikuwa zikivuta upande wa pili.

Tena si kila volkano kubwa inahesabika. Mkazi wa Mtwara anaweza asijue kuwa jirani yake ni Karthala, mlima hai wa Ngazija, chini ya kilomita 400 kutoka hapa, uliolipuka mara kadhaa kati ya 2005 na 2007 bila kugusa joto la dunia. Na kuna jambo kubwa zaidi lililotokea kimyakimya katika bahari yetu. Kuanzia Mei 2018 watu wa Mayotte walitikiswa na matetemeko yasiyokwisha. Novemba 11 mwaka huo mtetemo wa ajabu, wa taratibu na wa sauti moja, ulinaswa na vipimo vya nchi nyingi, pamoja na Kenya na Zambia. Meli ya utafiti ilipofika 2019 ilikuta mlima mpya chini ya bahari, kilomita 50 mashariki mwa Mayotte, wenye kimo cha mita 800 hivi, mahali ambapo zamani palikuwa sakafu tupu ya bahari yenye kina cha mita 3,500. Kilomita za ujazo zipatazo tano za uji wa moto zilikuwa zimemwagika. Ni mlipuko wa chini ya bahari mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa, karibu kilomita 700 tu kutoka ufuo wa Mikindani. Joto la dunia halikutikisika hata chembe, kwa sababu salfa yake haikupanda kwenda popote.

Mlipuko wa Hunga Tonga, volkano ya chini ya bahari ya Pasifiki, Januari 2022, ulikuwa kichekesho cha aina yake: salfa kidogo, lakini mvuke wa maji mwingi mno ukarushwa juu kabisa. Mvuke huo ni gesi inayohifadhi joto, basi rekodi za joto zilipovunjwa 2023 wengi wakaukimbilia. Tafiti zilizofuata ziliupa sehemu ndogo sana ya nyuzi, na nyingine zikaona hata ulipoza kidogo.

Nihamie kwenye jua, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu, maana ndipo turufu inapochanika. Setilaiti zimekuwa zikipima nguvu ya jua bila kukatiza tangu mwishoni mwa 1978. Juu kabisa ya angahewa, kila mita ya mraba inayoelekea jua hupokea takriban wati 1,361. Jua lina mzunguko wa kama miaka 11, uliogunduliwa na Mjerumani Heinrich Schwabe mwaka 1843 baada ya kuhesabu madoa yake kwa miaka mingi. Madoa yakiwa mengi, jua huwa kali kidogo zaidi. Inashangaza, kwa kuwa madoa ni meusi, lakini yanakuja na maeneo angavu yanayofidia na kuzidisha. Tofauti kati ya kilele na bonde la mzunguko ni kama wati moja tu. Moja katika 1,361.

Na hiyo wati moja haitufikii nzima. Dunia ni tufe, nusu yake iko usiku, na karibu theluthi ya mwanga hurudishwa na mawingu, barafu na mchanga. Ukigawa sawasawa, inabaki chini ya sehemu mbili za kumi ya wati kwa kila mita ya mraba. Athari yake kwenye joto la dunia ni kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi, inayopanda na kushuka kila mzunguko. Kwa upande mwingine, jumla ya yale ambayo binadamu ameyafanya kwenye angahewa tangu 1750, ukijumlisha gesi zinazopasha na moshi unaopoza, ilikadiriwa na Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi kufikia wati 2.7 kwa mita ya mraba mwaka 2019. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya mzunguko mzima wa jua, tena haishuki baada ya miaka 11.

Mtetezi wa jua aliyejiandaa hatakubali kushindwa hapo. Atataja kipindi cha Maunder, kati ya 1645 na 1715, ambapo madoa ya jua yalikaribia kutoweka. Edward Maunder na mkewe Annie ndio waliolifuatilia jambo hili kwenye kumbukumbu za kale, na mwaka 1976 Mmarekani Jack Eddy akalifufua na kulithibitisha kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyohifadhiwa kwenye pete za miti. Wakati huo mto Thames uliganda, watu wa London wakaweka maduka juu ya barafu. Picha hizo zimechapishwa mara nyingi hadi zimekuwa kama ushahidi wa mahakamani. Tatizo la picha hizo ni kwamba daraja la kale la London lilikuwa na nguzo nyingi nene zilizozuia maji yasikimbie. Lilipobomolewa mwaka 1831, mto ukawa na kasi, na kuganda namna ile kukawa hadithi.

Hata ukiacha daraja, tarehe zinagoma. Kile kipindi kirefu cha baridi ambacho Maunder inapewa sifa yake kilianza mapema zaidi. Katika kisiwa cha Baffin, Kanada, watafiti waliokota mimea midogo iliyouawa na barafu na kubaki chini yake kwa karne nyingi, wakapima umri wa vifo vyake. Mingi ilikufa ghafla kati ya 1275 na 1300, kisha tena kati ya 1430 na 1455. Hizo ni tarehe zinazofuata milipuko mikubwa ya volkano, na ni karne kadhaa kabla jua halijapoteza madoa yake. Jua lilisaidia, sikatai. Ila aliyefungua mlango alikuwa mwingine.

Lililo muhimu kwetu Waafrika ni kwamba baridi ile haikuwa ya dunia nzima kwa wakati mmoja. Uchambuzi mpana uliotolewa 2019, uliokusanya pete za miti, barafu, matumbawe na matope ya maziwa kutoka kila bara, ulionyesha kuwa miaka ya baridi kali zaidi ilikuwa karne ya 15 upande wa Pasifiki, karne ya 17 kaskazini magharibi mwa Ulaya, na karne ya 19 kwingineko. Kwa joto la sasa ni tofauti: karibu dunia yote inapashwa kwa pamoja.

Na huku kwetu, vipindi hivyo vilionekana zaidi kwenye maji kuliko kwenye kipimajoto. Matope ya Ziwa Naivasha, Kenya, yanaonyesha kuwa kati ya 1270 na 1850 hivi ziwa lilikuwa limejaa kwa sehemu kubwa ya wakati, pamoja na miaka ya Maunder, likikatizwa na ukame mara tatu. Lakini Ziwa Nyasa, jirani zetu wa magharibi ukivuka Ruvuma na Songea, lilikuwa chini kati ya 1500 na 1850. Ziwa moja limejaa, la pili limepungua, chini ya jua lilelile. Anayesema jua hafifu lilileta hiki au kile Afrika Mashariki, aseme kwanza anazungumzia Naivasha au Nyasa.

Nilisema ushahidi mwingine tumeukalia. Watu wa Lindi tunaijua Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya madinosari kati ya 1909 na 1913, chini ya usimamizi wa kila siku wa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Mjusi yule mrefu amesimama Berlin hadi leo, na kila baada ya muda bungeni husikika sauti ya kutaka arudishwe. Sawa, arudishwe. Lakini kuna hazina nyingine ya mkoa huohuo ambayo haina mbunge wa kuisemea, pengine kwa sababu haionekani kwa macho.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 timu ya watafiti iliyoongozwa na Paul Pearson wa Uingereza, ikishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ilichimba udongo wa mfinyanzi wa maeneo ya Kilwa na Lindi. Walikuwa wanatafuta foraminifera, viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba ya chokaa, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya mchanga. Kiumbe huyo anapojenga gamba lake, kemia ya gamba hubeba alama ya joto la maji aliyokuwa akiishi. Akifa huzama, na gamba hubaki. Sehemu nyingi za dunia magamba ya kale yameliwa na kujengeka upya chini ya bahari, hivyo yanatoa joto la uongo. Ndiyo maana kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa bahari za ikweta zama za Eosini, miaka milioni 50 hivi iliyopita, zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu, hali iliyowakera wanasayansi kwa sababu ncha za dunia zilijulikana kuwa na joto. Mfinyanzi wetu haupitishi maji. Uliyafunga magamba hayo hadi leo yakiwekwa chini ya hadubini yanang'aa kama kioo. Mwaka 2001 yakatoa jibu lake: bahari ya ukanda wa joto ilikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32.

Hapo ndipo turufu ya jua inapoungua kabisa. Jua, kama nyota nyingine za aina yake, linaongezeka nguvu taratibu kadiri linavyozeeka. Lilipozaliwa lilikuwa na takriban asilimia 70 ya mwanga wa leo. Wakati mjusi wa Tendaguru anakula majani, miaka milioni 150 iliyopita, lilikuwa hafifu kuliko sasa kwa zaidi ya asilimia moja. Wakati wa Eosini, kwa karibu nusu asilimia. Jua lilikuwa dhaifu, na bado hakukuwa na kofia za barafu kwenye ncha za dunia. Kilichokuwa kingi ni hewa ukaa, gesi inayofungia joto. Udongo huohuo wa kusini uliwasaidia watafiti mwaka 2009 kuonyesha kwamba hewa hiyo ilipungua miaka milioni 34 iliyopita, wakati Antaktika ilipoanza kuvaa barafu yake.

Na hewa ukaa hiyo ya zamani ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, volkano. Hapo mwenye turufu anapata pumzi tena, na ni haki yake. Volkano moja hutoa salfa inayopoza kwa miaka miwili, na hewa ukaa inayopasha kwa maelfu ya miaka. Ukiwa na milipuko mingi, mfululizo, kwa makumi ya maelfu ya miaka, salfa hunyesha na kuisha huku hewa ukaa ikirundikana. Miaka milioni 56 iliyopita joto la dunia lilipanda kwa nyuzi tano au sita, tukio ambalo nalo limeandikwa kwenye mfinyanzi wa Kilwa, na mtuhumiwa mkuu ni volkano za Atlantiki ya Kaskazini zilizokuwa zinafungua bahari kati ya Greenland na Ulaya. Dunia ilihitaji zaidi ya miaka laki moja kurudi ilipokuwa. Tofauti na leo ni kasi. Kaboni ile iliingia angani kwa maelfu ya miaka. Yetu inaingia kwa karne. Volkano zote za leo, za nchi kavu na za baharini, hutoa chini ya asilimia moja ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu kila mwaka.

Mtu akiniuliza alama moja tu inayoliondolea jua lawama ya sasa, nampeleka juu, kwenye stratosfia. Jua likiongeza nguvu, angahewa yote inapaswa kupata joto, kuanzia juu hadi chini. Setilaiti zinaonyesha kuwa huku chini kunapata joto na kule juu kunapoa. Hivyo ndivyo hewa ukaa inavyofanya: inafungia joto chini na kuinyima stratosfia. Milipuko ya El Chichón, 1982, na Pinatubo inaonekana kwenye vipimo hivyo kama vilima viwili vya joto la muda huko juu, kisha mteremko unaendelea. Halafu kuna ratiba. Mzunguko wa jua uliofikia kilele 2014 ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa karibu karne moja. Hadi mwisho wa 2024, miaka kumi yenye joto kali zaidi tangu vipimo vianze ilikuwa kuanzia 2015 hadi 2024, na 2024 ilizidi kiwango cha 1850–1900 kwa takriban nyuzi 1.55. Ni kweli 2024 jua lilikuwa kileleni tena. Lipe sehemu yake moja ya kumi ya nyuzi. Zinabaki nyingine.

Kabla sijaambiwa: ndiyo, ninaandika nikiwa mkoa uliokalia gesi, Msimbati upande huu na Songo Songo upande ule. Kama gesi hiyo ichimbwe au la, nani anufaike nayo, huo ni mjadala wa siku nyingine na Mtwara tumeulipia gharama. Ninachokataa ni kuuanza kwa kusingizia jua.

Sasa kwa wale wanaotaka kuifanya kazi ya volkano kwa makusudi. Mwaka 2006 Paul Crutzen, mkemia mwenye Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba huenda ikabidi binadamu apulize salfa kwenye stratosfia ili kununua muda. Tangu hapo wazo limekua, limepata fedha na watetezi. Mwaka 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, Uswisi ilileta pendekezo la kuunda jopo la kulichunguza. Halikupata muafaka, nchi za Afrika zikiwa miongoni mwa zilizotaka teknolojia hiyo isitumike.

Kwa akili ya haraka ni wazo zuri: Pinatubo ilionyesha kuwa inawezekana. Lakini Pinatubo ilionyesha na jambo la pili. Mwaka 1992 mvua zilizonyesha nchi kavu duniani zilipungua, na maji ya mito yakapungua kwa kiasi kikubwa. Ukipunguza mwanga unapunguza mvuke unaopanda, na ukipoza upande mmoja wa dunia kuliko mwingine unausogeza ukanda wa mvua, kama Laki ilivyousogeza Nile ikakosa maji. Pia ni kazi ambayo ukiianza huwezi kuiacha. Salfa hudumu mwaka mmoja au miwili, hewa ukaa iliyo chini yake hudumu karne nyingi. Siku ndege hizo zikikosa mafuta, fedha au amani, joto lote lililokuwa limezuiwa linarudi kwa miaka michache.

Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hatuna vuli ya kufidia masika kama ndugu zetu wa kaskazini. Mvua ya Januari ikikosekana Nachingwea, muhogo na mbaazi vinajua, na mwaka umekwisha. Kwa hiyo atakayerudi na pendekezo lile Nairobi safari ijayo aje na ramani ya mvua ya bonde la Ruvuma, mwezi kwa mwezi, chini ya hiyo salfa yake. Asipokuwa nayo, jibu langu ni lile la mjomba kuhusu upepo.